Mwenye Fedha na Msema Kweli: Je, Yafaa Wale Meza Moja?



Mwezi uliopita walinijia watu wawili hapa Karatu, kila mmoja kwa siku yake, wala hawakujua kwamba wananiletea swali moja. Wa kwanza alikuwa kijana afanyaye kazi ya mikopo katika benki. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani, alitoa haja yake, akasema: "Mchungaji, benki yetu yataka kuanza kazi na wafugaji wa upande wa Ngorongoro. Tungewakopesha akina mama, na kusaidia mambo ya maji. Liko shirika moja la wenyeji ambalo watu wanaliamini sana, nalo lingetufungulia mlango. Lakini shirika hilo hilo ndilo lisimamalo mabarazani na mahakamani kudai ardhi. Wakubwa wetu wamegawanyika. Wengine wasema tushirikiane nalo. Wengine wasema tukae mbali, tusije tukahesabiwa pamoja na wagomvi. Wewe waonaje?"

Wa pili alikuwa mama wa Kimasai kutoka pande za Endulen, mmoja wa wazee wa kikundi cha wanawake. Huyu nilimwamkia mimi, kwa kuwa umri wake wanipita. Alikunywa chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba Mchungaji, benki yatunyoshea mkono. Akina mama wataka mikopo, maana ng'ombe wamepungua na watoto wataka ada ya shule. Lakini vijana wetu wasema, tukila cha benki leo, siku benki itakapoleta shauri baya, ni nani atakayefumbua kinywa? Sasa tuupokee mkono ule, au tuukatae?"

Sikuwajibu siku zile. Niliwaomba muda nifikiri, nami nawaandikia ninyi niliyoyafikiri, kwa maana swali hili si la benki moja wala la kikundi kimoja. Ni swali la mwenye nguvu na asemaye kweli: je, wawezao kufanya kazi pamoja bila mmoja kummeza mwenziwe?

Lakini kabla ya kuwafundisha wengine, yanipasa kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchungaji kijana, walikuja watu wenye fedha katika kijiji kimoja cha wafugaji niliko kuwa nikitumika. Walitaka kujenga birika la kunyweshea ng'ombe. Wakaita mkutano, wazee wanaume wakaja, wakakubali. Karatasi ikaandikwa, nami nikaombwa kutia sahihi yangu kama shahidi kwamba wenyeji wameulizwa na wamependa. Nikatia. Birika likajengwa, tena likajengwa vizuri. Walakini lilijengwa karibu na malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, ambayo Wamasai huyaita alalili. Makundi makubwa yakaja kunywa kila siku, yakakanyaga na kula majani yale, na baada ya miaka michache ndama hawakuwa na mahali. Hapo ndipo nilipowasikia akina mama wakisema, "Sisi tulijua." Kweli walijua, maana wao ndio wakamao maziwa na kuwaangalia ndama. Lakini siku ya mkutano hawakuitwa, wala mimi sikuuliza walipo. Sahihi yangu ingali katika karatasi ile. Basi ninaposema habari za kusikiliza na kutosikiliza, nasema kama mtu aliyekosa, si kama hakimu.

Sasa na tulitazame jambo lenyewe.

Kwanza, mwenye fedha ahitaji macho ya wengine, kwa sababu fedha haina macho. Benki haikopeshi mali yake tu. Hukopesha amana ya watu wengi, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, waalimu, wenye maduka, wajane. Kwa hiyo yapaswa kuogopa hasara, na mimi siicheki hofu hiyo. Mtunza amana asiye na hofu ni mtu wa hatari. Lakini katika nchi kama Ngorongoro, kukaa mbali si njia ya kuikwepa hatari.

Fikirini nchi yenyewe ilivyo. Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kuu ya Karatu huona magari ya wageni yakipanda kwenda lango la Lodoare. Nchi iliyo ng'ambo ya lango ilitengwa mwaka 1959, kilomita za mraba 8,292, ili wanyama wa mwitu na wafugaji wakae pamoja, na wafugaji walioondoka katika Serengeti waliahidiwa makao huko. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika hesabu ya urithi wa dunia. Wakati ilipotengwa wenyeji walikuwa kama 8,000. Miaka sitini baadaye walikuwa wakaribia 100,000. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zilihamishiwa Msomera, katika wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kwamba wanahama kwa hiari yao. Wengi wa wenyeji walisema kwamba huduma zilipunguzwa ili wachoke na kuondoka. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, kuwekwa kwa mipaka ya kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo kulileta machafuko. Askari mmoja aliuawa, wanakijiji wakajeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya. Mwezi wa Agosti 2024 watu wengi walikusanyika barabarani Ngorongoro kutoa malalamiko yao, na tarehe 1 Desemba mwaka huo Rais alikutana na viongozi wa Kimasai mjini Arusha, akasema kwamba ataunda tume mbili, moja ya kutazama mambo ya ardhi, na ya pili ya kutazama jinsi kazi ya kuhama kwa hiari ilivyotendeka.

Siandiki haya ili niamue shauri. Nayaandika ili kuonyesha kwamba katika nchi ya namna hii kila shilingi ina upande wake, hata kama mwenyewe hajui. Ukichimba kisima hapa, umesema kwamba watu watakaa. Ukijenga nyumba kule, umesema kwamba watu watakwenda. Ukikopesha hoteli ya wageni tu, na mfugaji usimkopeshe, umesema neno pia. Basi yule mkubwa wa benki asemaye, "Sisi tukae mbali, tusishike upande," amekwisha kushika upande, ila ameushika gizani. Kuketi na watu si kuwa mfuasi wao. Tabibu huketi na mgonjwa amwulize ni wapi paumapo, wala hakuna amwambiaye kwamba ameshika upande wa ugonjwa.

Na wenye fedha wakubwa kuliko wote duniani wamejifunza neno hili kwa gharama nyingi. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha India fedha za bwawa kubwa la Sardar Sarovar katika mto Narmada. Maelfu ya watu walikuwa wahamishwe. Wenyeji pamoja na watetezi wao walipaza sauti miaka mingi, hata benki ikatuma watu wasio wake kuchunguza. Mwaka 1992 watu wale wakaleta habari kwamba wahamishwao hawakutazamwa kama ilivyopasa, na mwaka 1993 India ikaziacha fedha zilizobaki. Mwaka ule ule Benki ya Dunia ikaweka Jopo la Ukaguzi, ili hata mwanakijiji aweze kuishitaki benki mbele ya benki yenyewe. Hilo ni jambo kubwa, ndugu zangu: mwenye fedha kumjengea mlalamikaji mlango katika nyumba yake.

Mlango huo umetumiwa na watu wa kwetu. Katika Kenya, huko Olkaria karibu na Naivasha, benki kadha wa kadha, pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilitoa fedha za kuvuta mvuke wa ardhini kwa ajili ya umeme. Mwaka 2014 jamaa za Kimasai zilihamishwa kupisha kazi hiyo. Wakalalamika kwa benki zote mbili. Jopo lilipochunguza liliona, pamoja na mengine, kwamba lugha ya Kimaa haikutumiwa ipasavyo katika mashauriano. Mwaona jambo hili? Mikutano ilifanywa, karatasi ziliandikwa, lakini wengi hawakusemeshwa kwa lugha yao. Mwishowe wakaketi pamoja na wapatanishi, na mwezi wa Mei 2016 wakatia sahihi mapatano. Kazi ya umeme haikufa kwa kusikiliza; ila maneno yaliyosemwa mwaka 2016 yangaliweza kusemwa kabla mtu hajaondoka katika boma lake.

Na hapa Tanzania mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 150 kwa kazi iitwayo REGROW, ya kuendeleza hifadhi za kusini, nayo Ruaha ni moja yao. Wanavijiji na wafugaji wa pande za Mbarali walilalamika kwamba wanateswa na kunyang'anywa ng'ombe, na kwamba watahamishwa. Mwaka 2023 malalamiko yao yalifika kwa Jopo la Ukaguzi, yakisaidiwa na watetezi wa ng'ambo. Mwezi wa Aprili 2024 benki ilisimamisha kutoa fedha, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule kazi yote ikafutwa. Wengine walifurahi. Lakini tufikiri vema: katika kazi ile palikuwa na mambo ya maji ya mashamba na msaada kwa vijiji, nayo yalikatika pamoja na mengine. Fedha zilizokwisha kutumika hazikurudi, na mtu aliyepoteza ng'ombe hakurudishiwa kwa kufutwa kwa mkopo. Kusikiliza kulikochelewa ni kama kumwita tabibu kwenye mazishi.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: mwenye fedha na aketi na wale wawezao kumwambia la, tena aketi nao kabla ya kutia sahihi.

Neno la pili ni la kumwonya mwenye fedha na msema kweli wote wawili. Mnajua habari za mfalme Ahabu. Alipotaka kwenda vitani alikuwa na manabii kama mia nne, nao wote kwa kinywa kimoja walimwambia aende, atashinda. Mfalme Yehoshafati hakutulia moyoni, akauliza kama hakuna nabii mwingine. Ahabu akakiri kwamba yuko mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini yeye humchukia, kwa kuwa hamtabirii mema. Mikaya akaitwa, akasema kweli, akapigwa kofi na kutiwa gerezani; na mfalme akaenda vitani akafa.

Watu husoma habari hii wakidhani kwamba upungufu wa Ahabu ulikuwa kukosa washauri. Sivyo. Washauri alikuwa nao mia nne! Upungufu wake ulikuwa kwamba wale waliokuwa karibu naye walikwisha kujua ni neno gani limpendezalo. Ndivyo ilivyo hata sasa. Iko benki ambayo, ikisikia kwamba kikundi fulani chalalamika, hukiita, hukipa fedha za mikutano, huwalipa viongozi wake posho, hupiga picha pamoja nao, na kuchapa picha hizo katika kitabu chake cha mwaka. Baada ya miaka miwili kikundi hakilalamiki tena. Benki hufurahi, ikidhani imepata rafiki. Kumbe imempoteza Mikaya na kumwongeza nabii wa mia nne na moja.

Hasara hii ni ya benki kwanza. Mtu aliyemlipa mlinzi wake asibweke, siku mwizi atakapokuja atalaumu nani? Lakini hasara iliyo kubwa ni ya wale waliosemewa, kwa maana wao hawakula posho ile, walakini kinywa chao kimefungwa. Basi vijana wa yule mama hawakusema upumbavu. Hofu yao ni hekima.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba dawa ni kuukataa kila mkono. Yule mama aliniambia habari za ada za shule na ng'ombe waliopungua. Mtetezi ashibaye mjini asiwaamuru wajane wa kijijini wabaki na njaa ili yeye abaki safi. Hilo nalo ni dhuluma, ingawa limevikwa nguo za haki.

Neno la tatu, basi: mtetezi naye apimwe. Si kila asemaye "sisi wananchi" ametumwa na wananchi. Wako watu ambao wamefanya malalamiko kuwa shamba lao. Shauri likiisha, mavuno yao yamekwisha, kwa hiyo hawapendi liishe. Tumpimeje? Tusimpime kwa ukali wa maneno yake wala kwa upole wake. Tuulize mambo matatu. Je, wale anaowasemea wamjua, na wawezao kumwondoa? Je, hesabu ya fedha zake husomwa mbele yao, kwa lugha yao? Je, kazi yake imeacha kitu mikononi mwa watu, au imeacha maneno tu?

Kazi nzuri ya namna hiyo ipo, wala haiko mbali nasi. Katika wilaya ya Ngorongoro, Baraza la Wanawake Wafugaji lilianzishwa mwaka 1997 na wanawake wa Kimasai wenyewe, nalo limesaidia wasichana kwenda shule na wanawake kuwa na mali yao. Tena watazameni jirani zetu Wahadzabe, wakaao kando ya ziwa Eyasi na bonde la Yaeda. Miaka mingi nchi yao iliingiliwa na kila mtu, kwa kuwa hawajengi nyumba za kudumu wala hawalimi, na watu walisema kwamba nchi ile ni tupu. Shirika liitwalo Ujamaa Community Resource Team liliwasaidia, na mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa Yaeda ilipata hati ya haki ya kimila juu ya nchi yao, kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baadaye waliweza kupata malipo kwa kuutunza msitu wao. Edward Loure wa shirika hilo alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hii. Hapo hata mtu wa benki aweza kuona faida: mahali ambapo haki ya nchi imejulikana, fedha hukaa kwa amani kuliko mahali ambapo kila mvua huja na ugomvi mpya. Mtetezi wa kweli si adui wa amana. Mara nyingi ndiye aifanyaye nchi iweze kuaminiwa.

Sasa nafika kwenye jibu langu. Sikulipata katika vitabu vya chuo cha theolojia. Nalilipata katika sanduku la akina mama.

Ninyi nyote mwajua vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo huku kwetu huitwa VICOBA. Mfano wake ulianza Maradi, katika nchi ya Niger, mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Wanawake hukutana kila juma, huweka hisa zao, hukopeshana, na fedha hutiwa katika sanduku la chuma. Sanduku hilo lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Si kwamba akina mama hawapendani. Ni kwa sababu wapendana, nao hawataki kumtia mwenzao katika majaribu. Waligawanya mikono ili upendo usije ukaharibika.

Basi na tuigawanye mikono katika jambo hili pia. Mkono upokeao mkopo usiwe mdomo unenao. Benki ikitaka kuwakopesha akina mama, na iwakopeshe wao wenyewe, katika vikundi vyao, kwa daftari zao, kwa riba iliyosomwa mbele yao. Lile shirika liteteolo ardhi lisiwe mpokezi wa fedha hizo, wala mdhamini, wala mkusanyaji wa marejesho, wala viongozi wake wasile posho ya benki. Kazi yake iwe kuwajulisha watu haki zao, kuhudhuria mashauriano, na kusema linaloonekana. Huo ni ufunguo wa kwanza na wa pili, kila mmoja mkononi mwa mwenyewe.

Ufunguo wa tatu ni mkutano wa kijiji wenyewe. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa Kimaa barazani, wanawake wawepo, na vijana wachungao ng'ombe wawepo, maana wao ndio wajuao njia za maji na majani. Tena katika mapatano hayo liandikwe wazi neno hili: kwamba hakuna mtu atakayenyimwa mkopo kwa sababu ya kusema, na kwamba lalamiko likiletwa, benki italijibu kwa maandishi katika siku zilizotajwa. Benki iogopayo kuliandika neno hilo imekwisha kutujulisha ni rafiki wa namna gani iliyekuwa ikimtafuta.

Nalijua pingamizi litakalosemwa. Watasema, "Mchungaji, benki si kanisa. Yaishi kwa faida. Njia yako ni ndefu na ya gharama." Ni kweli kwamba ni ndefu. Lakini hesabuni gharama ya birika langu lililoharibu alalili. Hesabuni gharama ya Olkaria, ya Mbarali, na ya Narmada. Tena si kweli kwamba fedha na mashauri ya watu wadogo hayajapata kukaa pamoja. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa kijiji huko Ujerumani, Mkristo wa Kiinjili, aliona watu wake wakifa njaa katika baridi ya mwaka 1846 na 1847. Kwanza aliwakusanya matajiri watoe unga kwa hisani. Baadaye aliona kwamba hisani ya matajiri hupoa, na maskini hubaki kuwa mwombaji. Ndipo mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaanzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe ndio wenye chama, nao husimamiana kwa jirani na jirani. Kutoka kijijini hapo zilitoka benki zinazojulikana duniani hata leo. Na ndugu zetu wa Kilimanjaro walifanya neno lililo karibu na hilo walipounda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilifuatwa na KNCU. Mkulima aliyekuwa akipokea bei tu akawa na kiti mahali bei ilipojadiliwa. Benki na chama cha watu wadogo si mafuta na maji. Lakini mchanganyiko huo hushika pale tu ambapo mdogo ana kiti chake mwenyewe, si kiti alichoazimwa.

Haya ndiyo niliyowaambia wageni wangu. Yule kijana aliandika yote katika kitabu chake kidogo, akafika kwenye neno la kutomnyima mtu mkopo kwa sababu ya kusema, akaisimamisha kalamu. "Mchungaji," akasema, "hili wakubwa watalikataa." Nikamwambia, "Yawezekana, mwanangu. Lakini wewe lipeleke. Wakilikataa, utakuwa umejua, na wale akina mama watakuwa wamejua, kabla fedha haijatoka." Akaniahidi kwamba atalipeleka. Sijui kama kwa kufanya hivyo atapandishwa cheo au atashushwa. Alijua hatari hiyo, akaahidi hata hivyo, nami nikamheshimu.

Yule mama nilimwambia: upokeeni mkono, ikiwa utakuja kwa njia hiyo, na ukija kwa njia nyingine, uacheni, hata kama ni vigumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, akasema, "Baba Mchungaji, kufuli tatu sisi twazijua. Ila ninyi wenye kalamu ndio msiopenda kufungiwa." Sikuwa na la kumjibu, maana nilikumbuka sahihi yangu.

Ndugu wainjilisti na wazee, ninyi nanyi mtaitwa siku moja. Watakuja watu wa benki, au wa shirika, au wa Serikali, wakiwa na karatasi, nao watawaomba mtie sahihi kwamba watu wameulizwa. Msikatae kwa ukaidi, wala msikubali kwa haraka kwa sababu mgeni amewapa heshima. Inueni macho kwanza muwatazame waliokaa barazani. Ulizeni: akina mama wako wapi? Wachungaji wa ng'ombe wako wapi? Yule mtu msumbufu, ambaye kila mkutano husema neno lisilopendeza, mbona leo hayupo? Kama hakuitwa, iacheni kalamu mezani, mkamwite.

Wasalaam,
Mchungaji wenu, Karatu